Mulago na madereva wao: Kutoka Mehta hadi Mafu Mafu

Nairobi wana Ngong. Farasi wamekimbia pale tangu 1954, na shabiki aliyezoea jukwaa lile humtazama mpandaji kabla hajamtazama farasi: nani ana subira ya kukaa nyuma hadi mwisho wa kona, nani hukurupuka mapema akamchosha mnyama bure. Kampala haina uwanja wa namna hiyo. Lakini simama kwenye steji za boda pale mzunguko wa Mulago, chini ya kilima cha hospitali, wikendi yenye mbio za magari, na utasikia ubishi uleule wa Ngong. Tofauti ni kwamba farasi wa hapa ni Subaru, na mpandaji ameshika usukani.

Wafanyabiashara wengi wa mpakani wanapajua mahali hapa. Ndipo barabara ya kutoka Wandegeya inapokutana na ile ya Kamwokya na ya Yusuf Lule. Ukija kumwona jamaa aliyelazwa, au ukipeleka mzigo soko la Kamwokya, lazima upite. Boda wa Mulago hungoja wageni wa wagonjwa kutwa nzima, na kungoja huzaa maneno. Swali linalorudi ni moja: katika miaka yote hii, dereva bora alikuwa nani?

Wazee huanza na Safari. Mbio hizo zilianza 1953, zikaitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mkondo mmoja. Gari halikutofautishwa sana na lile la mfanyabiashara: Peugeot 404, Volkswagen, Volvo. Barabara zilikuwa zilezile za mzigo, na mvua ya Pasaka haikumhurumia mtu. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na 1968 yakawa 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot yake 404.

Kila nchi ilikuwa na wa kumshangilia. Dar es Salaam walikuwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi huko, aliyeshinda 1966 na 1967. Kenya walikuwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, waliyemwita Simba wa Kenya. Joginder ndiye kipenzi cha kila mtu anayenunua kitu cha mkono wa pili. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, akisomewa ramani na ndugu yake Jaswant. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Hata hivyo mashabiki wake hawazungumzii sana ushindi wa mara 3. Wanachotaja ni kwamba aliingia Safari mara 22 na akafika mwisho mara 19. Mtu aliyewahi kulala na lori bovu njiani kati ya Malaba na Eldoret anaelewa kwa nini hesabu hiyo ni kubwa kuliko kombe.

Uganda ilikuwa na Shekhar Mehta, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa. Alianza mbio akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1971 alimaliza Safari wa pili. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, na yeye akahamia Kenya.

Pasaka ya 1973, miezi mitano tu baada ya muda ule kwisha, aliingia Safari na Datsun 240Z. Mwisho wa njia, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun nyingine, walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Ilibidi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Alikuwa Mehta. Baadaye alishinda 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo. Alifariki London mwaka 2006.

Sasa, huyo ni wa nani? Vitabu vya mbio vinamwandika Mkenya. Mzee wa Kampala atakwambia ni wa kwao, alinyang'anywa tu. Wote wana haki, ingawa wa Kampala wana uchungu zaidi, kwa sababu walimpoteza dereva na mbio pamoja: kufikia katikati ya miaka ya 1970 Safari ilikuwa imebaki ndani ya Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Shabiki wa Mulago aliyewahi kuona magari yakipita kwao alibaki kuyasikia kwenye redio.

Vijana hawana habari na Datsun. Kwao historia inaanza na Charles Muhangi, ambaye mwaka 1999 alikuwa Mganda wa kwanza kutwaa ubingwa wa Afrika. Muhangi anajulikana pia na watu wasiojali mbio kabisa, maana ndiye mwenye mabasi ya Horizon ya barabara ya magharibi. Utani wa abiria kwamba dereva wa basi anajidhani ni tajiri wake haujawahi kuisha.

Baada yake ubishi unagawanyika. Wako wa Charlie Lubega, wako wa Ronald Sebuguzi, wako wa Jas Mangat, wako wa Duncan Mubiru anayeitwa Kikankane. Kinamama wa soko, wengine ambao hawajawahi kukanyaga ukingo wa barabara ya mbio, wanalijua jina la Susan Muwonge. Mwaka 2011 aliwashinda wanaume wote na kuwa bingwa wa taifa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Uganda. Hakupewa daraja la wanawake. Alipimwa kwa saa ileile.

Halafu kuna Ponsiano Lwakataka, Mafu Mafu. Ukihesabu mapenzi ya watu badala ya makombe, huenda yeye ndiye wa kwanza. Umati humsubiri vumbini, naye huingia kona kwa namna inayowafanya waruke mtaroni huku wakicheka. Kuna wanaosema angetulia angeshinda zaidi. Pengine. Lakini shabiki wa kona hakuja kutazama utulivu.

Kucheka huko kuna gharama, na Mulago inaijua kuliko mtaa mwingine. Mwaka 2009 Riyaz Kurji, mmoja wa madereva waliokuwa juu kabisa, alifariki katika ajali kwenye Pearl of Africa Rally, mbio za Uganda zilizomo katika ratiba ya ubingwa wa Afrika. Mashabiki wake bado humtaja kwa sauti ya chini. Na juu ya kilima, wodi ya majeruhi ya Hospitali ya Mulago hupokea waliovunjika kwa ajali za boda siku zote za wiki, bila kungoja mbio yoyote. Waendesha boda wa steji hii ndio wanaobeba ndugu wa majeruhi hao kwenda na kurudi. Wanajua nani alikuwa akiiga kona ya Lwakataka bila kofia ngumu. Dereva wa mbio amefungwa mkanda, amezungukwa na vyuma, na barabara imefungwa kwa ajili yake. Kijana wa boda hana hata kimoja.

Tangu Safari irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha imekuwa safari ya kila mwaka kwa wanaojiweza. Subaru za Kampala huondoka kwa misafara kupitia Busia na Malaba, bendera dirishani. Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Gari lake linahitaji kadi ya usajili na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, karatasi ambazo msomaji wa gazeti hili anazijua kwa moyo. Baadhi yao hurudi na vipuri kutoka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, baada ya kulinganisha bei na Kisekka.

Huko wamemwona Sébastien Ogier akishinda 2021 na 2023, na Kalle Rovanperä 2022 na 2024. Wanawasifu, tena kwa haki. Lakini wakirudi steji ya Mulago hakuna anayewaingiza wageni hao kwenye orodha. Mzee mmoja akitaja 1973, kijana mmoja akataja Mafu Mafu, abiria wa Kamwokya anatokea na mfuko wa dawa mkononi, na anayefuata kwenye foleni anawasha pikipiki.