Basi la Huduma na Kazi ya Mkalimani: Namna ya Kuchagua Programu ya Kuunganisha Mifumo

Taasisi kubwa, iwe wizara, benki au chuo kikuu, haina kompyuta moja inayojua mambo yote. Ina programu nyingi zilizonunuliwa au kuandikwa nyakati mbalimbali na watu ambao aghalabu hawakujuana: moja ya mishahara, moja ya wanafunzi, moja ya maktaba, moja ya hesabu za fedha. Kila moja hutunza habari zake kwa namna yake. Siku zinapotakiwa kuzungumza, hudhihirika kwamba tatizo ni la lugha kabla ya kuwa la nyaya na umeme, na kwa hiyo mwanaisimu naye ana neno la kusema.

Ichukuliwe mifumo kumi. Kila mmoja ukiunganishwa na kila mwenzake moja kwa moja, vitahitajika viungo 45. Na kwa kuwa kila kiungo hutafsiri kwenda na kurudi, tafsiri ni 90. Mfumo wa kumi na moja ukiingia, viungo vingine 10 huongezeka. Wakazi wa Katanga walikutana na hesabu hii kabla ya kompyuta kufika: wafanyakazi wa migodi waliotoka Kasai, Rwanda na pande nyingine hawakujifunza kila mmoja lugha ya kila jirani, bali walikutana katika Kiswahili. Wahandisi wa programu walifuata njia iyo hiyo. Waliweka katikati programu moja, na kila mfumo ukazungumza na hiyo tu. Kifaransa huiita intergiciel, kwa kuunganisha inter na logiciel. Hapa itaitwa programu-kati.

Katika usanifu unaojengwa juu ya huduma, mfumo haufungui makabati yake ili wengine wapekue. Hutangaza kazi unayoweza kufanya: ukipewa namba ya mgonjwa, utarudisha jina lake. Programu-kati iliyosifiwa mno katika muongo wa kwanza wa karne hii ni ile iliyoitwa basi la huduma. Neno basi limetokana na omnibus la Kilatini, yaani «kwa wote», na maana hiyo inaifaa kazi yenyewe kuliko picha ya gari. Mojawapo ya mabasi hayo ni Mule, iliyoanzishwa na Ross Mason mwaka 2003. Jina hilo ni la baghala, mnyama wa mizigo, kwa kuwa kuunganisha mifumo kulihesabiwa kuwa kazi ya punda. Mwaka 2018 Salesforce iliinunua kampuni ya programu hiyo kwa takriban dola bilioni 6.5, kazi ya punda, kumbe, ina bei yake.

Mfano wenye mafunzo zaidi uko karibu, nchini Rwanda. Kufikia mwaka 2010 vituo kadhaa vya afya vilikuwa vikitumia OpenMRS kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Wakati huohuo, wahudumu wa afya wa vijijini walikuwa wameanza, kwa majaribio katika wilaya ya Musanze, kutuma habari za wajawazito kwa ujumbe wa simu kupitia mfumo wa RapidSMS. Mifumo hii miwili ilikuwa kama wageni wawili katika nyumba moja: dalili ya hatari iliyoripotiwa kijijini haikuingia yenyewe katika faili la mama huyo kituoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika wilaya ya Rwamagana, ulijengwa mpatanishi wa habari za afya uliowekwa juu ya Mule. Kila ujumbe uliofika ulipita hatua tatu. Kwanza uligeuzwa kuwa umbo la pamoja. Kisha mpatanishi aliziuliza daftari mbalimbali: mgonjwa ni nani, mhudumu ni nani, kituo ni kipi, msimbo wa ugonjwa unatambulika? Mwishoni ujumbe uligeuzwa tena kuwa lugha ya mfumo unaoupokea. Mkalimani wa mahakamani angeitambua kazi hiyo.

Baadaye programu hiyo, OpenHIM, iliandikwa upya kwa JavaScript, na hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayetaka kuchagua. Kiini chake kilipunguzwa. Kinamtambua anayebisha hodi, kinaelekeza ujumbe, kinauandika katika kumbukumbu na kuwezesha urudiwe ukishindikana. Tafsiri zenyewe zilihamishiwa katika programu ndogondogo zinazosimama peke yake, ambazo mtu anaweza kuziandika kwa lugha ya kompyuta anayoijua. Mwaka 2014 James Lewis na Martin Fowler walitetea fikra ya jamaa na hiyo katika makala yao maarufu: akili ikae kwenye ncha, mabomba yabaki mapumbavu. Basi la huduma likijazwa kanuni za kazi za kila idara, hakuna anayethubutu kuligusa, na idara zote husubiri mafundi wawili watatu wanaolielewa.

Swali la pili ni la wakati, na wanunuzi wengi hulisahau. Je, mpokeaji asipokuwepo, ujumbe ufanywe nini? Programu za foleni, kama RabbitMQ ya mwaka 2007, hutunza ujumbe mpaka mpokeaji arudi, kama posta itunzavyo barua. Kafka, iliyotoka LinkedIn na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011, huuandika katika daftari ambalo wasomaji wengi wanaweza kulirudia. Kwa nchi ambazo umeme na mtandao hukatika, foleni ni neema. Lakini foleni nyingi huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, si mara moja tu. Kuzaliwa kwa mtoto mmoja kwaweza kuandikwa mara mbili ikiwa kila ujumbe haukupewa namba yake ya pekee. Tena, ripoti ya mwezi inaweza kungoja hadi asubuhi, ila habari ya mama anayetokwa damu haiwezi. Mfumo mmoja waweza kuhitaji njia zote mbili, na muuzaji anayesema bidhaa yake moja inatosha kwa yote aulizwe mara ya pili.

Estonia ilichukua njia nyingine mwaka 2001 kwa mfumo wa X-Road. Hakuna mkalimani mkuu anayepitisha habari zote mikononi mwake. Kila taasisi ina seva yake ya usalama, na seva hizo hupelekeana ujumbe uliotiwa sahihi moja kwa moja. Kituo hutunza orodha ya wanachama na kanuni. Wanaoshughulika na siri za raia hawana budi kuupima mfano huo, maana mpatanishi wa katikati anayefahamu kila lugha husikia pia kila neno.

Limebaki jambo ambalo programu-kati yoyote, ya bure au ya mamilioni, hailimalizi. Nchini Rwanda ndugu wa baba mmoja na mama mmoja aghalabu hawana jina moja la ukoo, kwa hiyo mfumo unaotafuta mgonjwa kwa jina la familia hupotea mapema. Ndiyo sababu ya kuwepo daftari la wagonjwa lenye namba za utambulisho. Vivyo hivyo Waswahili wengi husema homa wakikusudia joto la mwili, na mara nyingine malaria yenyewe. Mashine haitachagua maana kwa niaba yao. Kwa vipimo vya maabara kuna misimbo ya LOINC, iliyoanzishwa mwaka 1994 katika taasisi ya Regenstrief huko Indiana, lakini lazima pawe na mtu wa kuamua neno lipi la kituoni lilingane na msimbo upi, na kuurekebisha uamuzi huo kila mwaka. Katika bajeti nyingi za miradi, mshahara wa mtu huyo haumo.