Dhana ya "Makumbusho" na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania

Makala hii inajadili uhusiano uliopo kati ya maana ya neno makumbusho na historia ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Kimofolojia, nomino hii imetokana na kitenzi kumbuka, ambacho katika kauli ya kutendesha huwa kumbusha, kisha kikaambikwa ma- na -o. Kitenzi kumbusha huchukua yambwa mbili: anayekumbushwa na jambo analokumbushwa. Nomino huzificha zote mbili. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: ni nani anayekumbushwa, na anakumbushwa nini?

Jibu limebadilika kadiri ya nyakati. Makumbusho yaliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940 yaliwakumbusha watawaliwa juu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Baada ya Uhuru, yambwa zote mbili zilibadilika. Kijiji cha Makumbusho kiliwaonyesha raia nyumba zao za jadi. Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977, yaliwarejesha kwenye siasa ya Ujamaa. Boma la Wajerumani mjini Arusha likawa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Huko Songea, Makumbusho ya Majimaji huwaenzi mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906.

Ni dhahiri basi kwamba kuhifadhi si kukumbusha. Kuhifadhi huhitaji kitu tu. Kukumbusha humhitaji pia mtu. Taasisi inayotunza vifaa bila kumfikia raia kwa lugha anayoielewa ni ghala, hata ikiitwa makumbusho.