Wagonjwa 90 au Watu 30?

Ikiwa unasimamia zahanati ya kiwanda au shule, huenda ripoti ya miezi mitatu imekuonyesha wagonjwa 90 wa shinikizo la damu. Kabla ya kushtuka, uliza: hao ni watu 90, au ni watu 30 waliokuja kila mwezi kuchukua dawa? Idadi ya ziara hukusaidia kuagiza dawa. Ukubwa wa maradhi huonyeshwa na idadi ya watu.

Kosa hili huanzia kwenye kompyuta, pale mtu na ziara zake vinapochanganywa katika jedwali moja. Yafaa mgonjwa aandikwe mara moja tu katika jedwali lake, apewe nambari. Kila ziara iandikwe katika jedwali la pili: nambari hiyo hiyo, tarehe, dawa na kipimo. Kipimo cha 150/95 kitiwe katika nafasi mbili, la sivyo kompyuta hukiona kama maneno na haiwezi kukitafutia wastani.

Mimi mwenyewe niliwahi kufurahia ripoti iliyoonyesha ziara zikipungua. Kumbe wagonjwa walikuwa wameacha dawa, na shinikizo kwa kawaida halina maumivu ya kuwarudisha. Siku hizi ripoti yangu huanza na waliotarajiwa wasije, ili wapigiwe simu.