Programu ya Kusikiliza Inapojifunga, Uliza Imekufa Vipi

Februari 2019 Google walitoa Live Transcribe, programu ya simu za Android inayosikiliza maneno ya anayezungumza na kuyaandika kwenye kioo papo hapo. Mmoja wa walioibuni ni Dimitri Kanevsky, mtafiti wa kampuni hiyo ambaye ni kiziwi tangu utotoni, na kazi hiyo ilifanywa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Washington, ambacho ni chuo cha viziwi. Tangu hapo zimetoka programu nyingi za aina hiyo, za makampuni makubwa na za vijana wanaojifunza kuandika msimbo, na baadhi zinaelewa Kiswahili.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kuwa watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza uwezo wa kusikia. Mmoja wao akiwa dirishani kwa mfamasia bila mkalimani, simu ndiyo inayomsikilizia. Mfamasia akisema "kimoja asubuhi, viwili usiku, usinywe na pombe", na programu ikajifunga baada ya "kimoja asubuhi", mgonjwa anaondoka na nusu ya maelezo. Hitilafu ya namna hii ni suala la afya sawa na lebo ya dawa iliyofutika, na kwa sababu hiyo hiyo naomba kila mhudumu wa dawa aandike dozi kwa kalamu juu ya pakiti, simu iwe nzima au mbovu.

Ushauri unaotolewa vibandani na majumbani ni uleule: simu imechoka, iflashiwe, au programu ifutwe ipakuliwe upya. Wakati mwingine husaidia. Lakini mara nyingi tatizo hurudi baada ya siku chache, na mwenye simu amekwisha kupoteza mazungumzo yote aliyokuwa ameyahifadhi. Daktari huuliza maumivu yalianza lini na yanakuja vipi kabla hajagusa tumbo, na programu nayo ichunguzwe hivyo hivyo. Imejifunga ukiwa unafanya nini, na imejifungaje?

Kwenye Android programu hufa kwa namna tatu zisizofanana. Ya kwanza huacha ujumbe kwamba programu imeacha kufanya kazi. Hapo, mara nyingi, msimbo umekutana na jambo ambalo aliyeuandika hakulitarajia. Ya pili, kioo kinaganda, unagusa hakuna kinachotokea, kisha mfumo unakuuliza kama usubiri au uifunge. Swali hilo huja pale programu inaposhindwa kuitikia mguso kwa sekunde 5. Ya tatu haina ujumbe wowote. Programu inatoweka, unajikuta umerudi kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu, na hapo mshukiwa wa kwanza ni uhaba wa kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM). Ukiweza kumwambia fundi au mtengenezaji ni ipi kati ya hizo, umeshamfanyia kazi kubwa.

Tuanze na inayokufa pale tu unapogusa alama ya maikrofoni. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu iliyoundwa kwa mfumo huo au wa baadaye haifungui maikrofoni mpaka mwenye simu ameruhusu akiwa anaitumia. Mwandishi asiye makini hudhani ruhusa ikishatolewa imetolewa moja kwa moja. Sivyo. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, mtu anaweza kutoa ruhusa ya mara hiyo moja tu, na programu iliyokaa miezi kadhaa bila kufunguliwa huweza kunyang'anywa ruhusa zake na mfumo wenyewe. Mgonjwa anayehudhuria kliniki mara chache kwa mwaka ndiye hasa anayekutwa na hili: mara ya mwisho programu ilifanya kazi vizuri, hakubadilisha kitu, leo inajifunga mbele ya daktari. Ifungue jioni ya kabla ya miadi. Ikigoma, ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua jina lake, fungua Ruhusa, na uruhusu maikrofoni.

Kwenye iPhone sheria ni kali zaidi. Tangu iOS 10 ya mwaka 2016, Apple walipowafungulia watengenezaji wengine huduma yao ya kutambua usemi, programu inayoitumia kwa maikrofoni lazima iwe na maelezo mawili ndani yake: kwa nini inataka maikrofoni, na kwa nini inataka kutambua usemi. Yakikosekana, mfumo huifunga palepale inapojaribu. Mtumiaji hana mpangilio wa kurekebisha hilo, kwa hiyo asipoteze siku nzima akihangaika nalo.

Kuna pia programu ambazo hazitambui usemi zenyewe. Hupokea sauti na kuikabidhi kwa huduma nyingine iliyomo kwenye simu, mara nyingi ile ya Google. Watu wengi huzima huduma hiyo ili kuokoa bando au nafasi, bila kujua kuna programu inayoitegemea. Mtengenezaji aliyefanya kazi yake huangalia kwanza kama huduma ipo, na isipokuwepo humweleza mtumiaji kwa maneno ya kueleweka. Asiyeangalia huiacha programu ianguke.

Kifo kisicho na ujumbe ndicho kinachowaumiza zaidi wenye simu za bei nafuu. Kwa kazi ya kutambua usemi, sauti kwa kawaida hupimwa mara 16,000 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2. Hizo ni baiti 32,000 kwa sekunde, karibu megabaiti 2 kwa dakika, na kama megabaiti 115 kwa saa. Programu nzuri huchukua kipande kifupi, ikakitambua, ikakiachia, ikachukua kingine. Mbovu hulimbikiza vyote kwenye RAM. Mwanafunzi anayeitumia darasani atakuambia kwamba dakika za mwanzo haina shida, ila kipindi hakiishi bila kujifunga. Programu inayokufa baada ya muda unaokaribia kuwa uleule kila mara ina dalili zote za mlimbikizo wa namna hiyo.

Mzigo mwingine ni modeli yenyewe inayotambua usemi, pale inapofanya kazi ndani ya simu bila intaneti. Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022 baada ya kufunzwa kwa saa 680,000 za sauti, ina matoleo ya ukubwa tofauti. Dogo kabisa lina vigezo milioni 39, kubwa lina milioni 1,550, na katikati yake lipo la milioni 244. Kila kigezo kikichukua baiti 2, hilo la milioni 244 linadai karibu megabaiti 490, na kubwa linadai zaidi ya gigabaiti 3. Simu ya gigabaiti 2 za RAM, ambazo sehemu kubwa imeshachukuliwa na mfumo na programu nyingine, haiwezi kulibeba lile kubwa, na hata hilo la milioni 244 ni la kubahatisha. Mtego wa Kiswahili uko hapo: matoleo madogo hukosea Kiswahili sana, kwa hiyo mtengenezaji hushawishika kuweka kubwa, akalijaribu kwenye simu yake ya bei mbaya, likafanya kazi, akaridhika. Zipo njia za kubana vigezo hivyo vikachukua baiti 1 au pungufu, na asiyezitumia hajamfikiria mtumiaji wake. Kwangu mimi, programu inayokosea neno hapa na pale lakini inabaki wazi ina thamani kuliko inayoandika vizuri kwa dakika 3 kisha ikatoweka.

Hitilafu inayonisikitisha kuliko zote inahusu Bluetooth. Maikrofoni ya ndani ya simu kwa kawaida hupima sauti mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Ukiunganisha kifaa cha masikioni chenye maikrofoni yake, mawasiliano ya sauti mara nyingi hushuka hadi 16,000 au 8,000. Programu iliyoshikilia kipimo cha kwanza hujikuta inapokea kitu tofauti na ilichokiandaa. Kwenye iPhone hii ni sababu inayofahamika vizuri miongoni mwa watengenezaji: umbo la sauti lisipolingana na la kifaa, programu hufungwa mara moja. Sasa fikiria nani anaunganisha kifaa sikioni akiwa anatumia programu ya kuandika maneno. Ni mtu mwenye shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, la kisasa linalozungumza na simu kwa Bluetooth. Programu iliyotengenezwa kwa ajili yake inamfia yeye, na haimfii mtengenezaji anayeijaribu akiwa na masikio mazima. Ukishuku hili, kata Bluetooth, fungua programu upya, ongea kwa dakika moja, kisha unganisha kifaa huku programu inaendelea. Ikijifunga wakati huo, umepata jibu.

Ikiwa tatizo limeanza baada ya simu au programu kusasishwa, sema hivyo waziwazi. Android 14 ya mwaka 2023, kwa mfano, inazitaka programu zilizotengenezwa kwa ajili yake zitangaze aina ya kazi ambazo huendelea kuzifanya hata mtumiaji akihamia kwingine, ikiwemo kutumia maikrofoni. Isiyotangaza hukataliwa na kuanguka. Hilo nalo ni la mtengenezaji.

Kabla ya kufuta chochote, nakili kwanza mazungumzo unayoyahitaji. Kwenye Android, kufuta akiba ya programu huondoa faili za muda tu na ni jaribio la kwanza salama, lakini kufuta data huondoa kila kilichohifadhiwa ndani yake. Kumbuka pia kwamba maneno ya daktari wako yanaweza kuwa yamebaki humo, kwa hiyo usimwachie fundi simu iliyofunguliwa ukaenda zako.

Kisha mwandikie mtengenezaji. Nyota moja dukani yenye maneno "haifai" haimwonyeshi pa kuanzia. Mtajie aina ya simu na RAM yake, toleo la mfumo na la programu, ulichokuwa unafanya, muda uliopita kabla haijajifunga, namna ilivyojifunga, na kama ulikuwa na kifaa chochote sikioni. Anwani yake ya barua pepe ipo kwenye ukurasa wa programu hiyo katika duka la Google Play. Na wewe unayetengeneza programu hizi, tafuta simu ya gigabaiti 2 na mtu mmoja anayevaa shimesikio, mkae pamoja saa nzima programu ikiwa wazi, kabla hujaitoa kwa wagonjwa.