Kutia Maji Ukoka wa Mahali Pembamba

Nyumba nyingi zina kipande cha ukoka ambacho hakikupangwa na mtu. Ni mkanda uliobaki kati ya ukuta na njia, au pembe iliyobaki pale njia mbili zinapokutana, au nafasi iliyo katikati ya majabali mawili. Wengine hukidharau kipande hicho, lakini masika yajapo ndipo faida yake huonekana. Maji yaangukayo kutoka batini huchimba udongo karibu na msingi, na mizizi ya ukoka ndiyo iushikao. Ukoka ukifa wakati wa kiangazi, nyumba huipokea mvua miguu yake ikiwa uchi. Kwa hiyo shauri la kuutia maji si la urembo tu.

Sisi wenyewe tulifundishwa jambo hili kwa aibu, hapa Musoma. Kiangazi kimoja tulinunua chombo kile kizungukacho na kurusha maji pande zote. Tukakifunga kwenye mpira wa maji, tukakiweka katikati ya mkanda wetu wenye upana wa sentimita 60, kisha tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka, njia ilikuwa matope na ukuta umelowa. Ng'ambo ya njia jirani yetu, mama auzaye dagaa, alikuwa amesimama kando ya turubai lake. Dagaa aliowaanika tangu alfajiri walikuwa wamelowa wote. Hakutupigia kelele. Alisema tu, "Mwalimu, mvua yako imeninyeshea riziki yangu." Tukamjibu, "Tuwie radhi, mama," tukamlipa tulichoweza, lakini dagaa akiisha kuharibika, fedha haimrudishii uzuri wake.

Jioni ile tulichukua kalamu tukafanya hesabu, nayo yafaa kufanywa hata na watoto wa shule. Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mkanda wetu una urefu wa mita 10 na upana wa sentimita 60, yaani mita 6 za mraba. Tukitaka kuupa maji ya milimita 15, twahitaji lita 90, ndizo ndoo nne na nusu za lita 20. Lakini chombo chetu kilirusha maji mbali mita 3 kila upande, kikalowesha duara la mita 28 za mraba hivi. Katika duara hilo ukoka haukuzidi mita 3.6 za mraba. Maana yake, katika kila ndoo nane, moja tu iliangukia ukoka. Saba zilikwenda njiani, ukutani, na kwenye dagaa wa jirani.

Katika nyumba isiyo na bomba, ndoo saba hizo zimekuja kichwani mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni msichana ambaye angalikuwa na kitabu mkononi. Basi lililo kubwa katika shauri hili ni moja: maji na yafuate umbo la mahali, mahali pasilazimishwe kufuata umbo la chombo.

Kwanza, pima. Mkanda ni urefu mara upana. Pembe ya njia panda ni pembetatu: zidisha pande mbili zilizokutana kwa pembe mraba, kisha gawanya kwa mbili. Pembe yenye pande za mita 4 na mita 3 ni mita 6 za mraba, sawasawa na mkanda wetu, nayo yahitaji maji yale yale, ingawa kwa macho haifanani nao hata kidogo. Ncha yake iliyochongoka hukauka kwanza, kwa sababu joto la njia mbili huishika; ipe kopo moja la ziada kwa mkono.

Pili, ujue udongo wako. Udongo wa kichanga, kama wa kwetu, hunywa upesi na kusahau upesi. Upe maji kidogo, lakini mara nyingi zaidi. Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa tambarare za upande wa Bunda, hunywa polepole na kutunza sana. Ukiumwagia kwa haraka, maji hukimbilia njiani; mwagia nusu, ngoja yazame, kisha umalizie. Fanya vivyo hivyo mahali penye mteremko.

Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ni nchi ya majabali. Ukoka ulio kati ya mawe una shida mbili: udongo wake mara nyingi ni wa kina kifupi, nalo jabali hushika joto la mchana na kulitoa hata jioni. Hapo mpira haufai. Tumia kopo, kila tundu kwa kipimo chake. Baada ya saa moja chimba kidogo kwa ncha ya panga. Unyevu ukiwa umefika kiasi cha kiganja, yatosha.

Tatu, chagua chombo. Penye bomba, twaa mpira mkuukuu, utoboe matundu madogo upande mmoja kwa sindano nene iliyopashwa moto, ufunge mwisho wake, uulaze katikati ya mkanda matundu yakitazama chini. Fungua bomba kidogo tu, maji yatoke kama machozi, si kama chemchemi. Upande ulio karibu na bomba hupata zaidi; kwa hiyo siku ya pili uugeuze mpira. Pasipo bomba, toboa matundu machache chini ya debe, ulijaze, ulisogeze hatua kwa hatua. Maji yaliyooshea mboga yafaa pia, lakini ya sabuni kali yasimwagwe hapo.

Nne, litazame jua na paa. Nchi yetu iko kusini kidogo ya ikweta, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo mkanda ulio chini ya ukuta wa kaskazini huungua, na ule wa kusini hukaa kivulini. Usiipe yote miwili kipimo kimoja. Tena ukoka uliofunikwa na upenu huweza kufa kwa kiu hata wakati wa masika, mvua ikipita mbele yake. Mwagilia asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali na upepo wa ziwani haujaanza kuyatawanya maji.

Tano, si kila mahali pafaa ukoka. Mkanda usiofika upana wa mguu mmoja panda mchaichai. Mizizi yake hushika udongo vizuri, na majani yake huingia katika birika. Pembe ikanyagwayo kila siku itandaze kokoto, uishe ugomvi nayo.

Siku hizi mkanda wetu hunywa ndoo nne na nusu, na njia ni kavu. Jirani yetu angali akianika dagaa wake mahali pale pale. Kiangazi kilichofuata alikuja kuutazama mpira wetu wa matundu, akauinua, akaugeuza, akatuambia, "Nami nitobolee wangu, Mwalimu." Tukamtobolea siku ile ile, nasi tukauona msamaha wake kuwa umekamilika.