Kadi Mfukoni, Noti Mkononi: Ni Nani Aamuaye Haja ya Fedha Taslimu?

Fedha taslimu ni noti na sarafu zipitazo mkono kwa mkono. Ndizo ambazo Kiswahili cha Lubumbashi huziita hata leo makuta, kwa jina la sarafu iliyoanzishwa mwaka 1967. Wengi hudhani kwamba mwenye kadi ya benki hana tena haja nazo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba haja hiyo haiamuliwi na mwenye kadi peke yake, bali pia na muuzaji anayeikubali au kuikataa.

Tumchukue mnunuzi atokaye nyumbani asubuhi kutafuta mkate, dawa, unga na mboga. Wauzaji watatu wakiikubali kadi yake na wa nne akiikataa, hana budi kubeba noti kwa ajili ya huyo wa nne. Tena, kwa kuwa hajui kwa yakini ni nani atakayeikataa, hubeba za ziada. Zikishakuwa mfukoni, aghalabu huzitumia hata pale ambapo kadi ingekubaliwa.

Mwaka 1952 mwanauchumi William Baumol alieleza kwamba mtu hupima gharama mbili: ile ya kwenda kuchukua fedha benki, na ile ya kukaa nazo bila kupata riba. Safari ya benki ikiwa ngumu, huchukua nyingi kwa mara moja.

Uswidi yatupa mfano ulio wazi. Huko kadi hupokewa karibu kila dukani. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Benki Kuu ya nchi hiyo, mwaka 2010 watu 39 katika 100 walilipia ununuzi wao wa mwisho kwa fedha taslimu. Mwaka 2020 walikuwa 9 tu. Lakini maduka kadhaa yalianza kuzikataa noti zenyewe, wakataabika hasa wazee. Ndipo ikatungwa sheria, iliyoanza mwaka 2020, ya kuzilazimu benki kubwa kuendelea kutoa huduma za fedha taslimu.

Ama kwetu Kongo, mwaka 2011 serikali ilianza kulipa mishahara ya watumishi wake kwa njia ya benki. Wengi hupanga foleni na kutoa mshahara wote kwa siku moja. Wako wanaowacheka, wakidai kwamba hawajui matumizi ya benki. Sivyo. Muuza unga, dereva wa teksi na mwenye nyumba ya kupanga wote hudai noti. Na kurudi benki mara kwa mara ni kupoteza nauli na siku ya kazi. Hesabu yao ni ile ile aliyoieleza Baumol.

Basi, atakaye kupunguza foleni hizo asianze kwa kugawa kadi. Na aanze kwa muuzaji: apate mashine, umeme na mtandao wa kutegemewa, na makato asiyoyaogopa. Hadi hapo, kumnyima mtumishi noti zake ni kumnyima chakula cha siku.