Magaga na Mikono Mikavu: Dawa Iko Wapi?

Kipupwe kinapoingia, kuanzia mwezi Juni hivi, watu wengi mjini huanza kuficha miguu. Mwanamke aliyezoea kandambili huhamia viatu vya kufunika. Mwanamume akialikwa mahali akakuta viatu vinavuliwa mlangoni, hutafuta kona ya kuketi akakunja miguu chini ya kanzu. Kinachofichwa ni magaga, ile mipasuko ya kisigino. Mikono nayo hukakamaa, ikatoa weupe kama wa majivu, na viungo vya vidole vikachanika.

Kwa nini iwe mikono na miguu, isiwe tumbo wala mgongo? Jibu limo katika maumbile yetu. Ngozi ya sehemu kubwa ya mwili ina vitezi vidogo vinavyotoa mafuta ya kuilainisha. Viganja na nyayo havina vitezi hivyo hata kimoja. Vina vitezi vya jasho tele, lakini mafuta hakuna. Tena ngozi ya unyayo ndiyo nene kuliko zote, na tabaka lake la juu ni chembe zilizokufa, zilizopangana mithili ya matofali. Tabaka hilo likiwa na maji hunyumbulika. Likikauka huwa kama udongo wa mfinyanzi ulioachwa juani. Uzito wa mwili unapokandamiza kisigino kikatanuka pembeni, ngozi inapasuka. Ndiyo maana magaga huwaandama zaidi watu wanene, wanaosimama kutwa, na wanaovaa viatu vilivyo wazi kwa nyuma.

Adui mkubwa wa mikono, utashangaa kusikia, ni maji yenyewe yakifuatana na sabuni. Sabuni haichagui. Inapoondoa mafuta ya sufuria huondoa na yale machache yanayoshikilia chembe za ngozi, na maji yanayobaki juu ya mkono yakikauka, huondoka na unyevu wa ndani. Sabuni ya mche na ya unga ni kali zaidi, kwa kuwa zilikusudiwa nguo. Muulize mama lishe, dobi au muuguzi. Fundi saruji naye ana lake: saruji iliyolowa ni kali kama magadi, na ndani yake mna kromiamu ambayo huwaletea baadhi ya watu mzio usioisha.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipotutia hofu sote, tulinawa mikono kila mlango na kupaka vitakasa mikono vya spiriti. Wengi walilalamika kuwa spiriti inawakausha. Lakini fomula iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani ina gliserini asilimia 1.45, nayo imewekwa makusudi kulinda ngozi. Anayechanganya yake bila gliserini anawakausha wateja wake.

Sasa tuje kwenye dawa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuziba, ili maji yaliyomo yasitoke. Ukiyapaka kwenye mguu uliokwisha kukauka umefunika chungu kitupu. Paka mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kabla dakika tatu hazijapita. Na maji ya kuoga yawe ya vuguvugu, kwani ya moto sana huiyeyushia ngozi mafuta yake.

Wala huhitaji kopo la bei mbaya. Mafuta hayo ya mgando yalipatikana kutokana na visima vya mafuta ya petroli huko Pennsylvania, Marekani. Mkemia Robert Chesebrough aliwakuta wachimbaji wakijipaka utando mzito ulioganda kwenye mitambo yao kila walipojikata au kuungua. Akausafisha, na mwaka 1872 akapata hataza ya bidhaa aliyoiita Vaseline. Mpaka leo wataalamu wa ngozi bado wanaipendekeza. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri. Gliserini ya dukani ni nzuri vilevile, ila ichanganye na maji au marashi ya waridi, maana ikipakwa tupu hewa ikiwa kavu, huvuta maji kutoka ndani ya ngozi.

Kwa magaga, loweka miguu katika maji ya vuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano usiku, sugua polepole kwa jiwe la miguu, futa, paka mafuta kwa wingi, kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili kabla hujasema haifai. Kusugua si lazima kila siku. Magaga yakiwa sugu, ulizia duka la dawa krimu yenye yurea ya asilimia 10 hadi 25.

Yapo tunayoyafanya ambayo ni hatari. Kukata magaga kwa wembe ni moja. Wale vijana wanaopita mitaani na mabeseni wakisafisha kucha wanatafuta riziki yao halali, lakini wembe uliomkata mteja mmoja unaweza kumpa wa pili homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Nenda na vifaa vyako. Kupaka ndimu kisha kutembea juani kunaweza kuunguza ngozi ikatoa malengelenge. Na zile krimu za kopo lisilo na jina, zinazolainisha mikono kwa siku tatu, mara nyingi zina steroidi kali. Mwishowe ngozi huwa nyembamba. Kama ni fangasi, krimu hizo huificha huku ikizidi kuenea. Ukiona miguu yote miwili na kiganja kimoja tu vimekauka na kutoa unga, shuku fangasi.

Lakini wanaonitia wasiwasi zaidi ni wagonjwa wa kisukari. Ugonjwa huu huharibu mishipa ya fahamu, na mguu ukapoteza vitu viwili kwa pamoja: jasho na hisia. Jasho likikosekana ngozi inakauka na kupasuka, na hisia zikikosekana mwenye mguu hajui. Vijidudu huingia katika ufa mdogo, damu haifiki vizuri, na kidonda kinachimba hadi mfupani. Ndivyo mtu anavyokatwa mguu kwa jambo lililoanza kama magaga. Mwenye kisukari asiloweke miguu muda mrefu, asitumie wembe wala dawa za kuyeyusha sugu, na maji ayapime kwa kiwiko, siyo kwa mguu. Apake mafuta kila siku, isipokuwa katikati ya vidole, ambako unyevu huzaa fangasi. Kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, au amwombe mjukuu amtazamie. Akiona ufa unaotoa damu au maji, wekundu, uvimbe, harufu au ngozi iliyogeuka nyeusi, asingoje tarehe yake ya kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama haumi popote.